Sura ya Nne: Joto Huingilia Juu

Chukua nyumba ya kawaida ya Mbagala, Goba au Kigamboni: vyumba vitatu, sebule, jiko, na paa la bati lenye mita za mraba mia moja. Saa sita mchana mwezi wa Februari, mbingu ikiwa haina wingu, kila mita ya mraba ya paa hilo hupokea karibu wati 1,000 za jua. Jumla ni kilowati 100. Ni kama kuwasha pasi mia moja za umeme kwa mpigo, ukazipanga juu ya kenchi na kuziacha hapo mpaka alasiri. Sehemu kubwa ya joto hilo hurudi angani au huchukuliwa na upepo. Lakini hata ikipenya sehemu moja tu katika ishirini, vyumba vya chini vimekwisha kuingiziwa kilowati tano. Kiyoyozi cha BTU 9,000, kikifanya kazi kwa nguvu zake zote, huondoa kilowati 2.6 hivi. Vitahitajika viwili ili kulipa deni la paa peke yake, kabla hatujahesabu kuta, madirisha, friji, jiko na watu wenyewe.

Nimeanzia juu ya bati kwa makusudi. Ushauri mwingi tunaopewa kuhusu umeme wa nyumbani huanzia kwenye swichi: zima taa, chomoa chaja. Chaja ya simu iliyoachwa ukutani bila simu haimalizi hata nusu yuniti kwa mwezi mzima. Mzazi anayewagombeza watoto kwa ajili ya chaja, huku amelala chini ya bati la rangi ya damu ya mzee lisilo na chochote katikati yake na dari, anahangaikia senti na kuacha noti zikipeperuka. Kwetu pwani bili ya umeme hupangwa siku fundi anapopandisha paa, na baada ya hapo mwenye nyumba huilipa kidogo kidogo kwa miaka thelathini.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwezi wa Oktoba, jua la mchana hupita utosini kabisa, na miezi iliyobaki halitoki mbali na hapo. Ndiyo maana paa hubeba mzigo mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba. Unaofuata ni ukuta wa mashariki na ule wa magharibi, kwa kuwa asubuhi na jioni jua huwa chini na hupiga ukuta usoni. Kuta za kaskazini na kusini zina nafuu: jua linapozielekea huwa limepanda juu sana, na upenu wa mita moja tu unatosha kuzitia kivuli saa za mchana. Kwa hiyo nyumba ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, yenye madirisha yake makubwa kaskazini na kusini, inaanza maisha ikiwa na akiba mfukoni. Kiwanja hakikupi nafasi hiyo kila mara, najua. Lakini nimeona viwanja vipana vyenye nafasi ya kuigeuza nyumba upande wowote, na ikageuzwa kulifuata geti.

Upenu huo huo ndio tunaoupoteza sasa. Mtindo wa paa la kuficha, lile linalozungukwa na ukuta ili nyumba ionekane kama boksi, umeenea kila mtaa mpya. Picha zake zinavutia, na sina ugomvi na uzuri wake. Ugomvi wangu ni kwamba ukuta umevuliwa kofia. Jua linaupiga kuanzia juu mpaka chini, mvua ya masika inautiririkia, dirisha halina kivuli hata cha kiganja, na bati lenyewe limefungiwa mahali ambapo upepo haulifikii. Anayetaka mtindo huo na adai vivuli vya zege juu ya kila dirisha, na matundu ya kutosha katika kuta zinazolificha paa. Mchoraji anayekataa kuvichora amechora nyumba ya nchi nyingine.

Kuna jambo la usiku ambalo vitabu vingi vya ujenzi hulipita. Dodoma, Iringa au Nairobi, jua likizama baridi huingia, na ukuta mnene ulioshiba joto la mchana hulitoa taratibu wakati watu wanalihitaji, kisha alfajiri unakuwa umepoa na uko tayari kwa siku nyingine. Pwani hakuna usiku wa namna hiyo kati ya Desemba na Machi. Hewa ya saa nane usiku bado iko kwenye nyuzijoto 25 na zaidi, imejaa unyevu, na tofali la sementi lililokuwa likichomwa tangu saa nane mchana linaendelea kulitapika joto lake ndani ya chumba cha kulala. Weka mkono kwenye ukuta wa magharibi saa tatu usiku na utaelewa kwa nini mtoto hajalala.

Wazee wa Lamu na Unguja walilijua hilo, na majumba yao yanaonyesha jinsi walivyolipatia jibu. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilikuwa nene, nusu mita hivi au zaidi. Zilipakwa chokaa nyeupe, na vichochoro kati yake vilikuwa vyembamba kiasi kwamba nyumba moja iliitia kivuli nyingine. Vyumba vilikuwa vyembamba pia, kwa kuwa boriti za mikoko hazikuweza kuvuka zaidi ya mita tatu hivi, na dari zake zilikuwa juu. Ua wa katikati uliivuta hewa. Jiko, kidari cha meko, huko Lamu liliwekwa juu kabisa, ili moto na moshi wake viondoke bila kupita vyumbani. Mchana watu walikaa chini, ndani ya unene wa jiwe. Usiku wa joto waliokuwa na nafasi walipanda juu, penye makuti na upepo. Nyumba moja ilikuwa na mahali pa mchana na mahali pa usiku. Majumba hayo yalikuwa ya matajiri na jasho la watumwa limo ndani yake, kwa hiyo sisemi turudi huko. Wala makuti si jibu la kila mtu: huvuja, hushika moto upesi, na hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Ila mpangilio wa kufikiri ulikuwa sahihi. Kwanza zuia jua, kisha ruhusu upepo, kisha tenga moto wa jiko. Leo tumeanza na kiyoyozi na tumesahau matatu hayo.

Basi turudi kwenye bati, maana ndilo tutakalokuwa nalo.

La kwanza ni rangi yake. Bati jeusi, la kijivu kilichokolea au la damu ya mzee hunyonya asilimia 80 hadi 90 ya jua linaloliangukia, na siku ya jua kali hupita nyuzijoto 60. Rangi nyeupe mpya huakisi asilimia 70 hadi 80. Tofauti hiyo haiongezi hata shilingi moja kwenye gharama ikiwa bado hujanunua bati. Ni suala la kuchagua kutoka kwenye kabrasha la muuzaji. Kama paa limekwisha kupandishwa, kuna rangi nyeupe za mapaa zinazopakwa juu yake, na kazi hiyo hulipa haraka zaidi kwenye chumba ambacho tayari kina kiyoyozi. Watu huniuliza kuhusu bati tupu linalong'aa. Likiwa jipya huakisi mwanga vizuri, lakini joto linaloingia ndani yake hutoka kwa shida, kwa sababu chuma kinachong'aa hakirushi joto lake angani kama rangi inavyofanya. Kisha vumbi na kutu huumaliza mng'aro wenyewe. Nyeupe inashinda.

La pili ni safari ya joto kutoka kwenye bati mpaka kwenye dari. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo haiwezi kuwa ndiyo inayoliteremsha. Joto hushuka kwa mnururisho, kwa njia ile ile ambayo jua hutufikia kupitia anga tupu: bati lenye nyuzijoto 60 linaimulikia dari mchana kutwa, na dari nayo ikishachemka inawamulikia walio chini. Dari ya jipsamu peke yake huchelewesha jambo hilo kidogo tu. Kinacholikata ni karatasi ya alumini, ile inayouzwa kwa roli na kutandazwa chini ya papi kabla ya bati kupigiliwa. Upande wake unaong'aa uelekezwe chini, penye uwazi, kwa sababu mbili: huko vumbi halitulii juu yake, na chuma king'aacho hurusha joto dogo mno. Uwazi huo ni wa lazima. Karatasi ikibanwa moja kwa moja kati ya bati na mbao, kila inapogusa joto hupita kana kwamba haipo. Nimewasikia mafundi wakiiita kinga ya kuvuja na kuitandaza vyovyote vile. Simama hapo mwenyewe siku ya kazi.

La tatu ni hewa iliyofungiwa juu ya dari. Nyumba nyingi zimezibwa fishabodi pande zote, pasipo tundu, na ile hewa haina pa kwenda. Acha nafasi chini ya upenu, na nyingine karibu na kilele cha paa, uweke wavu wa chuma wa kuzuia popo na ndege. Hewa baridi zaidi itaingia chini na ya moto itatokea juu, bila injini na bila yuniti.

Nje ya paa, msaada mkubwa zaidi ni mti. Mwembe au mwarobaini upande wa magharibi hufanya kazi ambayo hakuna pazia linaloweza kuifanya, kwa kuwa pazia hulipokea jua likiwa limekwisha kupita kioo. Joto likishaingia chumbani, kulifunika kwa kitambaa hakulirudishi nje. Ninasikitika sana ninapoona miembe ikikatwa ili uwanja wote ufunikwe pevingi, tena ya kijivu iliyokolea. Uwanja huo huchemka mchana na kuirudishia nyumba joto lake usiku. Pevingi na iishie pale gari linapopita.

Upepo sasa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kati ya Desemba na Machi. Kusi hufuata kutoka upande wa kusini mashariki na kukaa mpaka karibu Septemba. Chumba chenye dirisha moja hakipati upepo hata kama dirisha hilo ni kubwa, kwa sababu hewa haiingii mahali isipoweza kutoka. Mawili madogo katika kuta mbili tofauti ni bora kuliko moja pana. Halafu kuna dirisha lenyewe. Lile la alumini la kusukuma, ambalo siku hizi limekuwa alama ya nyumba ya kisasa, hufunguka nusu tu. Nusu ya pili inabaki kioo daima. Ongeza wavu wa mbu, ambao hatuwezi kuuacha na hatupaswi kuuacha, upepo unapungua tena. Umelipia dirisha la mita mbili na unatumia chini ya mita moja. Luva za kioo za nyumba za zamani zilifunguka karibu zote. Dirisha la bawaba nalo hufunguka lote. Ni vema kumwambia fundi alumini mapema kwamba unataka hilo, na kama ni lazima kusukuma, basi dirisha liwe pana zaidi kufidia. Matofali yenye matundu juu ya milango ya ndani husaidia hewa kuvuka nyumba hata milango ikifungwa usiku.

Ukuta wa fensi huiba upepo pia. Ukuta mzima wa mita mbili na nusu, ulio hatua tatu kutoka dirishani, hufanya chumba cha chini kikose kaskazi yote. Usalama tunauhitaji, lakini sehemu ya juu ya ukuta inaweza kuwa ya matundu au ya nondo bila mwizi kupata faida.

Ukishafanya haya, hata baadhi yake tu, pangaboi huanza kuwa na maana. Feni haipozi chumba; injini yake hukiongezea joto kidogo. Inampoza mtu, kwa kupeperusha jasho na ile hewa yenye unyevu inayoganda mwilini, na mtu aliye chini yake huhisi kama hewa imepungua nyuzijoto mbili au tatu. Kwa hiyo feni inayozunguka katika chumba kisicho na mtu haina faida yoyote. Ya kawaida hutumia wati 60 hivi. Zile mpya za mota isiyo na brashi hutumia karibu nusu yake. Chini ya dari inayochoma, hata hivyo, feni hukuletea hewa ya moto usoni, na hapo ndipo watu husema feni haisaidii na kwenda kununua kiyoyozi. Feni haikuwa na kosa.

Kiyoyozi si adui. Mgonjwa, mjamzito, mtoto mchanga, mzee mwenye moyo dhaifu, na yeyote anayehitaji kulala ili kesho afanye kazi, wote wana haki ya usiku wenye nafuu. Ninachotaka ni kiwe kimoja, kidogo, kwenye chumba kimoja kilichozibwa vizuri. Kikubwa kupita chumba hupoza hewa upesi na kuzima kabla hakijauondoa unyevu, na chumba hubaki na baridi yenye rutuba ya ukungu. Pwani sehemu kubwa ya umeme wa kiyoyozi huenda kwenye kuugeuza unyevu kuwa maji, yale yanayodondoka nje kwenye bomba. Kila unapoacha mlango wazi au kuanika nguo chumbani unakipa maji mengine ya kukamua. Kiweke kwenye nyuzijoto 26 au 27, washa na pangaboi polepole, na osha chujio kila mwezi.

Na neno moja kuhusu gesi. Fundi akikuambia gesi imeisha, muulize imepitia wapi. Gesi ya kiyoyozi huzunguka katika bomba lililofungwa na hailiki kama mafuta ya gari. Ikipungua, kuna tundu, na kujaza bila kuziba ni kununua tatizo lile lile la mwaka ujao. Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye risiti. Gesi iitwayo R-410A, iliyo katika viyoyozi vingi vya nyumbani, huhifadhi joto angani takriban mara 2,000 ya hewa ya ukaa kwa uzito ule ule. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali, Oktoba 2016, na kukubaliana kuzipunguza gesi za aina hiyo. Makubaliano hayo huanza au hufa mikononi mwa fundi aliye juu ya ngazi nyumbani kwako.

Mengine ni mafupi. Friji isimame kiganja kimoja kutoka ukutani, mbali na jiko, na mpira wa mlango wake ubane karatasi. Tangi la maji lililo juani linakupa maji ya kuoga yenye uvuguvugu bure jioni, kwa hiyo hita ya bafuni yenye kilowati tatu au zaidi karibu haina kazi huku pwani. Nguo zipigwe pasi kwa pamoja. Taa za zamani za wati 60 zilizobaki zitolewe leo, kwa kuwa karibu nguvu yake yote hutoka kama joto. Maharage katika jiko la presha la umeme huiva kwa chini ya yuniti moja, na jiko la mkaa likae uani, kwa ajili ya mapafu kwanza na joto baadaye.

Nimeambiwa na watu wenye nia njema kwamba haya yote yalikuwa ya zamani, enzi za mgawo, na sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024. Nalifurahia bwawa hilo kama kila Mtanzania. Lakini wingi wa umeme wa taifa haujazi LUKU ya mtu. Kwa viwango vya mwaka 2016, mteja wa kundi la D1, asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa yuniti, na akizidisha, kila ya ziada ni shilingi 350. Wa T1, asiye katika kundi hilo la nafuu, hulipa 292 kwa kila yuniti, kabla ya kodi na tozo. Friji peke yake huweza kumaliza nusu ya zile 75. Familia yenye paa jeupe na pangaboi mbili inaweza kubaki upande wa nafuu. Ile ya jirani, yenye bati jeusi, imeshatoka humo kabla ya tarehe kumi na tano.

Linaloniuma zaidi ni la wapangaji. Mwenye nyumba ndiye aliyechagua bati, dirisha na dari, tena alichagua kwa bei ya siku ile. Mpangaji ndiye anayelipia chaguo hilo kila anapoingiza tarakimu kwenye mita. Hawezi kupaka paa la mtu rangi wala kupanda mwembe utakaomtia kivuli mrithi wake. Anaweza kutundika turubai au mkeka nje ya dirisha la magharibi, nje na si ndani, na anaweza kuhama na feni yake nzuri. Nguvu yake kubwa, hata hivyo, iko kabla hajalipa kodi ya kwanza. Dalali atataka mwonane asubuhi, nyumba ikiwa bado imepoa. Mwambie unakuja saa tisa alasiri. Ukifika, panda kiti uguse dari. Gusa ukuta wa magharibi. Fungua kila dirisha mpaka mwisho wake uone linafika wapi. Toka nje utafute tundu la hewa chini ya upenu, na uulize mita ni ya wangapi.

Kama chumba cha kulala ndicho kinachotazama magharibi na hakuna mti, piga hesabu mbele ya mwenye nyumba. Kiyoyozi kidogo chenye wastani wa wati 600, saa nane kila usiku, ni yuniti 144 kwa mwezi, yaani shilingi 42,048 kwa kiwango cha T1. Pangaboi ya wati 60 kwa saa zile zile ni shilingi 4,205. Tofauti yake ni karibu shilingi 38,000, nayo imesababishwa na nyumba yake. Ama aipunguze kwenye kodi, ama anunue rangi nyeupe na karatasi ya alumini kabla hujaingiza vyombo.